Nani Atakuwa Kapiteni Badala Yako

Hamadi, ndugu yangu,

Ofisini barua zote tunazianza kwa "Nina heshima ya kukujulisha." Nimeipiga hiyo sentensi kwenye mashine miaka kumi na tisa, na leo nilipoketi kukuandikia ndiyo iliyonijia kwanza. Nimeikata. Mi na we hatukuwa watu wa kupeana heshima za namna hiyo.

Nakuambia tu moja kwa moja: filamu yako imechezwa tena. Amepatikana mwingine wa kucheza Kapiteni. Na kabla hajapatikana nilifanya jambo baya. Nimeliungama vipande vipande, kidogo kwa askari, kidogo kwa padri, kidogo kwa mwenyewe niliyemtendea. Wewe nitakupa lote.

Huu ni mwaka wa nane tangu tukuzike. Garaji yako sasa ni ghala la mkaa. Mama yako, Bi Zuhura, yu hai, yuko pale pale avenyu ya kumi na nne, miguu tu inamsumbua. Mimi nakaa Gihosha, chumba kimoja. Bomu lilipoangukia nyumba ya jirani, mke wangu Spesi aliwachukua watoto akaenda nao Kigoma kwa mjomba wake. Tulisema watarudi hali ikitulia. Wanasema wakubwa wamekaa mezani, wanasaini karatasi, lakini milimani bado tunasikia milio, na Spesi bado yuko Kigoma. Jioni napika wali wa mtu mmoja. Hujui jinsi ilivyo kazi kupika wali wa mtu mmoja, Hamadi. Kila mara unazidi, na kesho yake nakula kiporo nikitazama ukuta.

Tulikuwa kumi na mmoja katika ile filamu. Wengine wako Uvira, wengine kambini Tanzania, wawili wamefariki kama wewe. Katika mji huu nimebaki mimi, niliyecheza mwizi. Sina hata mtu wa kumwambia "unakumbuka siku ile?" Namwambia nani? Unakumbuka siku ile uliyopasuka suruali darajani, ukacheza pigano lote umeegemea ukuta? Naona umecheka. Basi ni wewe tu ninayeweza kukuambia.

Kiangazi kilichopita Sadoki alirudi. Yule yule aliyekuwa anapiga video za harusi, aliyetupiga picha sisi siku za Jumapili kwa kamera aliyoibeba begani kama mfuko wa simenti. Alikuwa amekimbilia Dar. Alinifuata ofisini Rohero, amenenepa, ana kamera mpya inayokaa kiganjani. Alisema kaseti yetu ya asili imekufa: studio yake ilivunjwa, kilichobaki kikaliwa na unyevu. Hakuna nakala tena popote. "Ile filamu watu wanaiulizia hadi leo," akaniambia. "Tuicheze upya, Gasi. Maneno yote unayo kichwani. Tunachokosa ni Kapiteni."

Nitasema ukweli wote: nilidhani anataka niwe mimi. Tangu siku Sadoki alipokuchagua wewe ukiwa na mikono ya grisi, hukuwahi hata kuomba, umekuja tu kumrekebishia jenereta, tangu siku ile nilikuwa natamani nafasi yako. Nilikuwa rafiki yako na nilikuwa nakuonea kijicho, vyote kwa pamoja, na sidhani uliwahi kujua. Au ulijua ukanyamaza, kwa sababu ndivyo ulivyokuwa. Nilirudi Gihosha nikasimama mbele ya kioo, nikavuta tumbo ndani, nikasema sentensi yako ya darajani: "Hapa hapiti mutu mpaka mi nianguke." Nikaisema mara kumi.

Kesho yake nilimwambia Sadoki. Alinitazama vizuri, bila kunicheka, hilo nampa. "We ni mwizi, Gasi. Mwizi bora niliyewahi kumpiga kwenye kamera. Lakini Kapiteni, apana."

Akaniomba nimsaidie kuchagua. Nikakubali. Ningekataa vipi, ningebaki na nini?

Tuliwapokea Jumamosi, mchana, katika ukumbi wa vijana kule Buyenzi. Ilibidi tumalize mapema watu wafike makwao kabla ya kuvrefe, maana usiku bado ni marufuku kutembea. Alikuja mtu wa karate kutoka Ngagara. Anarusha mguu hadi darini, lakini akifungua kinywa unadhani anasoma tangazo la kifo. Alikuja mtoto wa muuza vitambaa aliyekataa kuvua miwani ya jua. Alikuja askari mmoja aliye likizo na bunduki yake ya kweli, akaiweka juu ya benchi kama mwavuli, na sote tukacheza siku hiyo tukiitazama ile bunduki. Hakuwa mbaya. Ila alitaka Kapiteni aue watu wengi zaidi.

Wa mwisho aliitwa Evaristi. Mwashi, umri kama wako ulivyokuwa, shati limepigwa pasi, viatu vimejaa vumbi kwa sababu alikuwa ametembea kutoka Kinama. Alisema amecheza michezo ya parokia tangu utotoni, na mara mbili ameonekana katika vichekesho vya televisheni, moja kama daktari, nyingine kama maiti. Alisema hivyo hivyo, "kama maiti," bila kutabasamu, na Sadoki akaangua kicheko.

Kisha akasimama katikati ya ukumbi. Wewe ile sentensi uliipiga kelele, Hamadi, mishipa ya shingo ikisimama, na vibanda vyote vya video vya Buyenzi vilikuwa vikilipuka kwa makofi. Yeye aliisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwambia mgeni kwamba baba amelala. Mtu wa karate aliacha kunyoosha miguu. Mi mwenyewe nilirudi nyuma hatua moja, na nilikuwa nimeketi.

Nilijua hapo hapo. Na sikufurahi.

Aliposhukuru na kutoka, Sadoki aligonga meza. "Ni huyu."

Nikasema, "Huyu ni wa Kinama."

"Kwa hiyo?"

"We hukuwepo, Sadoki. Hujui vile Hamadi alikufa. Nasikia huyu ana watu wake porini, kwa waasi. Nasikia anawapelekea habari."

Sikuwa nimesikia kitu. Nilikuwa na dakika ishirini tangu nimwone mara ya kwanza. Neno lilitoka tu, limevaa nguo kabisa, kama lilikuwa linasubiri mlangoni. Na yule askari wa likizo alikuwa bado yuko kwenye benchi, anafunga kamba za viatu. Hakuinua kichwa. Alifunga kiatu cha kushoto, akafunga cha kulia, akachukua bunduki yake, akaaga vizuri, akaenda.

Nataka unielewe, ingawa si kujitetea. Siku uliyokufa ulikwenda njia ya Kinama na sanduku lako la spana kwa sababu gari la mteja lilikuwa limezima pale. Ukapigwa risasi umelala chini ya gari. Mpaka leo hakuna anayejua ilitoka upande gani. Askari walisema waasi, watu wa pale walisema askari. Mi nilichoka kutojua, nikachagua mwenyewe: Kinama imekuua. Kinama nzima, wenye nyumba na wapangaji, wauza ndizi, waashi. Miaka minane sikukanyaga huko. Mi na we hatukuwahi kuulizana nani ni nani katika mambo ya kabila, katika mji ambao kila mtu alikuwa anauliza, na nilikuwa nasema kwa majivuno kwamba sisi wasanii hatuna hayo. Kumbe nilikuwa nayo, nimeyaficha chini ya jina lako.

Siku ya tatu Sadoki alikuja ofisini, hakuketi. "Askari wamemuchukua Evaristi. Wamemutoa kazini, ukuta umebaki nusu. Dada yake alikuja kwangu analia, anauliza kama kaka yake alisema neno baya ukumbini." Akanitazama. "Alisema neno baya, Gasi?"

"Apana," nikasema.

"Basi nani alilisema?"

Nikaingiza karatasi mpya kwenye mashine. Akaondoka. Alasiri ile nilipiga barua nne na zote zilirudishwa kwa makosa.

Hapa ndipo pananiuma kuandika. Sikwenda siku hiyo. Wala kesho yake, wala kesho kutwa. Niliogopa. Nilijiambia watamwachia wenyewe, nikajiambia labda kweli ana watu porini, unaona? Nilianza kuuamini uongo wangu kwa sababu ulinipa ruhusa ya kukaa kimya. Nilikula kiporo. Nililala. Siku ya sita nilipokuwa nanyoa ndevu nilijikata, nikaona damu kwenye sinki, nikakaa chini sakafuni na povu usoni. Halafu nikavaa suti yangu ya kazi, nikaenda.

Kituo chenyewe sitakitaja. Ofisa aliniuliza, "We ni nani kwake?"

"Si mutu wake. Mi ndiye nilisema. Na nilisema uongo."

Alidhani nimelewa. Alimwita karani aandike maelezo yangu, na yule karani alikuwa anatafuta herufi kwenye mashine kwa kidole kimoja, na mimi nimesimama pale nikifikiri kila herufi anayoitafuta ni dakika ya mtu aliye ndani. Nikamwomba aniachie kiti. Nikapiga mwenyewe. "Mimi niliyetia sahihi hapa chini, Gaspari, sekretere, nathibitisha kwamba maneno niliyoyasema juu ya bwana huyu niliyatunga, bila kumjua, bila kuambiwa na mtu, kwa sababu ya wivu." Ofisa aliposoma alirudia neno moja: "Wivu wa nini?" Nikamwambia, wa filamu. Alinitazama kama kwamba angependa zaidi niwe jasusi.

Walinibakiza hadi kesho yake, wakanipiga makofi mawili matatu, si kitu. Evaristi waliniambia ameachiwa asubuhi hiyo. Sikumwona akitoka.

Jumamosi ya wiki iliyofuata nilikwenda Kinama kwa miguu. Nilipita pale pale, Hamadi. Sijui nilitarajia nini. Kuna mwanamke anauza nyanya mahali ulipolala. Ana mkeka, ana mwavuli wa bia. Alinikaribisha kwa Kirundi, nikapita.

Nilimkuta Evaristi kwenye ukuta wake. Alikuwa anajenga kwa mkono mmoja. Wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa, vidole viwili vimenyooka havikunjiki. Mwashi, Hamadi. Alikuwa anabana tofali kwa kiwiko na kifua.

"Ni Sadoki amekutuma?"

"Apana. Nimekuja mwenyewe. Ni mi nilisema yale maneno."

"Najua. Walinisomea karatasi yako." Akaweka tofali, akaligonga kwa mpini wa mwiko. "Imeandikwa vizuri."

Akauliza, "Juu ya nini? Nilikufanya nini?"

Nikamweleza habari zako. Kapiteni, daraja, gari lililozima, sanduku la spana, miaka minane. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma na mbele. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Siku rafiki yako alikufa, mi nilikuwa Uvira, nabeba mifuko sokoni. Mwaka muzima nilikuwa huko. Tulikuwa tumekimbia."

"Sikujua."

"Hukuniuliza." Hakupaza sauti. Ile sauti yake ya ukumbini. "Ungeniuliza pale pale, ningekuambia. Ungesema, unataka nafasi ya rafiki yangu na inaniuma, ningekuambia pole. Neno moja tu."

Nikaomba msamaha. Alisema amesikia. Hakusema amesamehe, na sikuwa na haki ya kumdai. Nilipogeuka kuondoka akaniita.

"Mwambie Sadoki nitacheza. Si juu yako. Nilitembea kutoka hapa mpaka Buyenzi juu ya ile nafasi, na nilikuwa nimeipata."

Tukacheza. Wiki tano, asubuhi tu, kwenye daraja la mto Ntahangwa, maji ya kiangazi yamebaki kama ya kuoshea miguu. Askari wa zamu walituruhusu kwa sharti moja: bunduki zetu za mbao zifungwe kwenye kanga tunapozibeba njiani, mtu asije akatufyatulia za kweli. Kanga alitoa mama yako.

Evaristi hakufanana na wewe hata kidogo. Hakukimbia kama wewe, alikuwa anatembea kuelekea kwa majambazi kama mtu aliyesahau kitu nyumbani kwao. Mkono wake mbovu Sadoki aliuingiza kwenye hadithi, Kapiteni aliyejeruhiwa zamani. Mi nilikuwa mwizi yule yule, na tumbo na goti la miaka arobaini na mitano. Tukifika, ananisalimia mbele ya watu. Mapumziko anakwenda kula upande wa pili wa daraja.

Siku ya pigano letu, pale ambapo wewe ulikuwa unanishika kola na kunirusha, alinishika kola, akanitazama karibu sana. Kisha akanipiga kofi ambalo halikuwa la filamu. Sikio liliimba hadi jioni. Kamera iliendelea. Nikaona machozi yamemjaa, na yangu pia, akanisukuma nikaanguka majini. Sadoki alisema hatutarudia, hiyo ndiyo. Watu wanaoitazama sasa wanasema lile kofi ndilo tamu kuliko yote. Nadhani wanasema kweli.

Jumapili iliyopita tuliionyesha Buyenzi, alasiri, ukumbi umejaa hadi madirishani. Waliliita jina la Kapiteni, na kwa mara ya kwanza halikuwa lako. Nilijitayarisha kuumia nikaumia, lakini si kama nilivyodhani. Iliniuma kama wakati mtu anapokuondolea kitu ulichokishika mpaka vidole vimekufa ganzi.

Mama yako alikaa mbele kabisa. Ilipokwisha aliomba aletewe yule kijana. Akasema, "Mwanangu hakutembea hivyo. Mwanangu alikuwa na haraka. Lakini we pia ni Kapiteni." Akamshika mikono yote miwili, na akavihisi vile vidole. Akavigeuza kwenye mwanga. "Nani amekufanya hivi, baba?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, Hamadi, naweza kugusa bega lake. Evaristi aliinua macho akanitazama. Muda ulikuwa mwingi wa kusema. Nilikuwa nao wote.

"Ni kazi, mama," akajibu. "Kazi ya ujenzi."

Na mimi nikanyamaza. Kwa mara ya pili.

Baadaye nje nilimfuata nikamwambia ahsante. Alikuwa na hasira. "Sikufanya juu yako. Yeye ni muzee, ameketi kwa furaha mara moja." Kisha akaniambia ambayo sikuyajua. Kwamba huko Kinama lile neno halijafa. Walioniona mimi nikikanusha ni ofisa na karani. Jirani zake walichoona ni yeye kuchukuliwa. Wengine wanamwogopa kuwa ni wa porini. Wengine, kwa kuwa aliachiwa haraka, wanasema sasa anawafanyia kazi askari. Mwenye nyumba amemwambia atafute pengine. Dada yake akifika bombani, mazungumzo yanakatika. "Karatasi yako iko mu droo ya ofisa," akasema. "Mi naishi nje ya droo."

Tangu Jumapili sijalala vizuri. Leo nimeomba ruhusa kazini, nimekaa mezani na kukuandikia, na nimeamua. Jumapili ijayo nitakwenda Kinama. Paroko amekubali, baada ya misa, uwanjani, watu wakiwa bado hawajatawanyika. Nitasimama nitaje jina langu na kazi yangu na jambo nililolitunga, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika. Nimemtumia habari Evaristi, hajajibu. Huenda wakanipiga. Huenda wasiniamini, wakasema nimetumwa. Nitarudi Jumapili nyingine niseme tena, na nyingine, mpaka dada yake achote maji huku watu wanaongea naye.

Lakini hiyo ni Jumapili. Kuna mtu wa kwanza kabla yao, na kwa huyo nimeogopa kuliko wote, kwa sababu huniita mwanangu tangu ulipoondoka, na hana mwingine, na mi pia sina mwingine katika mji huu wa kuniita hivyo.

Pumzika, Hamadi. Kesho saa nne asubuhi nitaketi mbele ya mama yako, nimwambie vile vidole alivyovishika ni mimi nilivivunja, kwa mdomo.

Rafiki yako,
Gasi